Sekunde Tatu za Lea

Kwa miaka mitatu ya chuo Devota Ntabaye alimshinda Sarrah Esmailji kila walipokimbia pamoja, na kwa miaka ishirini na ushei iliyofuata Sarrah alimshinda yeye katika kila kitu kingine, bila hata kujua kwamba wanashindana. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma Devota zaidi. Lau Sarrah angekuwa mtu mbaya, ingekuwa nafuu. Lakini alikuwa mcheshi, mwepesi wa kutoa, asiyesahau kumpigia simu mtu aliyefiwa, na kila jema lililosemwa juu yake lilimkaa Devota kooni kama mwiba wa samaki.

Devota alikuwa mwalimu wa riadha wa Chuo Kikuu cha Zigi, nje ya mji wa Tanga, ukishaipita Pongwe. Alizaliwa si mbali na hapo, katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Baba yake, Muha, aliletwa kutoka Kibondo enzi za manamba, vibarua wa mkataba, akakata mkonge hadi vidole viwili vya mkono wa kushoto vikagoma kunyooka. Devota alijifunza mbio kwa kuiwahi kengele ya shule ya misheni, kilomita saba kwenda na saba kurudi. Alipofika Zigi, wakati huo kikiwa bado chuo cha kawaida, hakuna msichana aliyemwona mgongo kwa karibu. Ukutani mwa stoo ya vifaa vya michezo jina lake lilikuwepo bado: mita elfu moja na mia tano, wanawake, dakika nne na sekunde ishirini na tisa, mwaka 2002. Kila Januari alinunua kopo dogo la rangi nyeusi akayapaka upya maandishi yale, na mtu akimkuta alisema anazuia ukuta usichakae.

Kisa cha viatu kilitokea mwaka wao wa kwanza. Devota alikuwa akikimbia pekupeku. Sarrah, binti wa duka la viatu la Ngamiani, barabara ya nane, alikimbia na suruali ndefu na ushungi uliofungwa nyuma ya shingo, akimaliza wa pili au wa tatu huku akicheka. Siku moja alikuja uwanjani na boksi jipya, akampa Devota mbele ya timu nzima. "Vaa, shoga," alimwambia. "Nikishindwa tena na mtu asiye na viatu, baba atanifukuza nyumbani." Watu walicheka. Devota naye alicheka, akavaa, akashinda kwa mita arobaini. Jioni ile, akiwa kwenye foleni ya ugali, aliwasikia vijana wawili mbele yake wakisema kwamba raba za Esmailji kumbe zinakwenda.

Tangu siku hiyo aliingiwa na kijiba cha roho ambacho hakikumtoka. Sarrah alihitimu akaenda Dar es Salaam, akaolewa, akafungua na mumewe kampuni ya kuagiza vifaa vya hospitali. Picha yake ilitoka gazetini mara mbili. Mwanawe mmoja alikuwa anasomea udaktari. Devota alibaki Zigi. Aliolewa na mwalimu mwenzake, akafiwa naye mapema, akalea binti yao aliyekuja kuolewa Korogwe. Hakuwa na maisha mabaya. Ila kila alipopata kitu, iwe friji au kiwanja cha kujenga, alijikuta anajiuliza Sarrah alikuwa nacho tangu mwaka gani.

Sasa riadha ya Zigi ilikuwa inakata roho. Miaka ya mwanzo wahitimu walichangia michezo kuliko kitu kingine chochote. Basi la timu lilijaa mafuta, na wasichana walikwenda mashindano ya vyuo na viatu vya misumari miguuni. Kisha michango ikaanza kupungua. Wakongwe walistaafu, wengine wakafa. Wahitimu wapya wengi walikuwa wanaendesha bodaboda na shahada zao kabatini. Na wale wachache wenye uwezo walitaka vitu vya kusimama. Nehemia, katibu wa jumuiya ya wahitimu, mtu wa Bumbuli mwenye sauti ya upole, alimweleza Devota kwamba mtu akitoa fedha yake siku hizi anataka jengo lenye jina lake mlangoni, na mbio hazina mlango. Uongozi wa chuo ulikuwa umesema waziwazi: ikiwa hadi mkutano mkuu wa wahitimu, mwezi wa nane, hatapatikana mfadhili, riadha itafutwa kwenye orodha ya michezo ya chuo na nusu ya uwanja itageuzwa maegesho ya magari.

Mwanzoni mwa Juni Devota alipokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa stoo, anahesabu vijiti vya kupokezana. Ilikuwa sauti ya Sarrah, ileile, yenye kucheka kwa mbali.

"Devo, shoga yangu, habari za masiku. Nasikia riadha yetu inataka kufa. Mimi sitaki kusikia ya katibu wala ya wakubwa. Nataka wewe uniambie mnahitaji nini, mpaka soksi. Niandikie tu, nami nitakuja na jibu mkutanoni."

Mpaka soksi. Devota aliusikiliza ujumbe ule mara ya pili, na kila neno lilikuwa jema, na neno soksi peke yake likamrudisha kwenye lile boksi jipya na vicheko vya timu nzima. Aliona jinsi itakavyokuwa. Wasichana watavaa jezi mpya, watashinda, na watu watasema Esmailji ameiokoa Zigi. Hakuna atakayemkumbuka aliyekaa na timu ile kwenye jua na matope miaka kumi na sita. Aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, akajiambia atajibu kesho.

Kesho yake hakujibu. Baada ya wiki mbili Sarrah alituma ujumbe mwingine, mfupi, kuuliza kama ule wa kwanza ulifika. Mwisho wa mwezi akaandika: "Au nimekukosea, Devo?" Devota aliusoma akijua kabisa kwamba alama mbili za buluu zimeshamwonyesha mwenzake kuwa umesomwa. Akaanza kuandika, akafuta, akaanza tena, akafuta. Nehemia alipomuuliza kama kuna yeyote aliyejitokeza, labda yule mwenzake wa zamani wa Ngamiani, Devota alimjibu kuwa wenye hela wana shughuli zao. Nehemia aliandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Katika timu ile iliyobaki na watu tisa, mmoja alikuwa Lea. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili kutoka Mlalo, milimani Lushoto, binti wa mkulima wa kabichi na viazi aitwaye Eliudi. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, na alikimbia kama mtu anayeteremka ngazi anazozijua. Devota ndiye aliyemgundua, akimwona anakimbilia mvua na ndoo mbili tupu. Alimpenda. Alimpikia maharage, alimkanda misuli, alimfundisha kupumua. Naye Lea alimsikiliza kama mtoto anavyomsikiliza mamaye.

Lakini kadiri muda wa Lea ulivyoshuka, ndivyo kitu kingine kilivyopanda kifuani mwa Devota. Nne na arobaini. Nne thelathini na sita. Mei alikimbia nne thelathini na mbili, na Devota, aliyepaswa kufurahi, alijikuta ameitupia macho stoo ng'ambo ya uwanja, kwenye ule ukuta.

Siku moja ya Julai ilikuwa ya mawingu, upepo mdogo wa kusi, siku nzuri ya mbio. Devota aliwapanga wavulana wawili wamvute Lea mizunguko miwili ya kwanza, kisha wamwachie. Tangu mzunguko wa pili alijua. Mabega ya Lea yalikuwa yametulia, na miguu yake haikupiga kelele. Ulipobaki mzunguko wa mwisho Devota aliitazama saa mkononi. Lea alipita mstari. Devota alibonyeza. Nne, ishirini na nane.

Lea alikuwa ameinama, mikono magotini, anahema. "Ngapi, Mwalimu?"

Kulikuwa na nafasi ndogo ya kusema kweli, na Devota aliiona, kama mtu anavyoliona shimo kabla ya kuliingia. Kitu kimoja tu alikuwa nacho ambacho Sarrah hakukinunua, hakupewa, wala hakukirithi. Na sasa mtoto huyu, ambaye yeye mwenyewe alimlisha, alikuwa anakichukua huku akihema.

"Nne thelathini na moja," alisema. "Umelegea mzunguko wa tatu."

Lea alitikisa kichwa, akasema asante, akaenda kunywa maji. Devota aliibonyeza saa, namba zikarudi sifuri.

Kosa la kwanza lilimnyima usingizi, la pili likawa jepesi, na la tatu halikumgharimu hata kupepesa jicho. Mara tatu Lea alikimbia chini ya rekodi ile na mara tatu aliambiwa hajaifikia. Akazidisha mazoezi. Alikimbia asubuhi peke yake kwenye barabara ya vumbi inayopakana na mkonge, akapunguza chakula, akaanza kuchechemea mguu wa kulia. Devota alimfunga bendeji mguu ule kwa upole kabisa.

Mkutano wa wahitimu ulifanyika Jumamosi ya pili ya Agosti. Sarrah alikuja amevaa rida ya zambarau, lile vazi la kina mama wa Kibohora, na alipoingia ukumbini watu walisimama kumsalimia mmoja baada ya mwingine. Devota alikaa safu ya tatu kutoka nyuma. Aliangalia jinsi Sarrah anavyowashika watu mikono, jinsi makamu mkuu wa chuo anavyomvutia kiti. Hata kucha zake alizitazama.

Ajenda ya riadha ilichukua dakika tano. Nehemia alisoma kwamba michango ya michezo imeshuka kwa mwaka wa sita mfululizo na kwamba hakupatikana mfadhili. Akauliza kama kuna mwenye neno. Sarrah aligeuka kitini, akatafuta kwa macho mpaka akampata Devota, akamtazama kwa muda ambao ungetosha kwa mtu kunyanyuka. Devota aliinamia ratiba ya mkutano kama vile kuna jambo jipya limeandikwa humo. Nehemia akafungua ukurasa mwingine.

Baadaye kidogo Sarrah alisimama akatangaza kwamba familia yake itajenga na kuijazia vifaa maabara ya wauguzi. Ukumbi ulipiga makofi hadi feni zikaonekana zimenyamaza. Devota naye alipiga. Ndani yake, chini ya aibu na woga, aligundua furaha ndogo iliyojikunyata: riadha imekufa, lakini haikufa kwa jina la Esmailji. Aliogopa alipoitambua furaha ile. Haikuondoka kwa kuogopwa.

Walikutana mlangoni. Sarrah alimkumbatia, akamwambia alimtafuta sana. Devota alisema simu yake ilikuwa inasumbua.

"Basi," alisema Sarrah, akamwachia bega.

Jumatatu Lea alikuja stoo na jezi yake, imefuliwa na kukunjwa. Alimwamkia, akaiweka mezani, akabaki amesimama.

"Mwalimu, sikuja kwa sababu ya chuo kufuta riadha," alisema. "Ningekimbia hata bila chuo. Ila nimeona nimefika mwisho wangu. Tangu Julai muda haushuki, na mguu unauma. Baba anasema kama Mungu hakunipa, hakunipa. Nikirudi mwaka ujao wa masomo nitasoma tu."

Alimshukuru kwa maharage na kwa yote. Alikuwa na tiketi ya basi la mchana. Devota alifungua kinywa, akamtakia safari njema. Alisikia ndala zake zikienda taratibu, mguu mmoja ukiburuta kidogo, hadi zikaisha.

Alikaa juu ya rundo la magodoro ya kurukia kwa muda ambao hakuupima. Alijaribu kumchukia Sarrah, kwa kuwa hiyo ilikuwa njia aliyoizoea, na kwa mara ya kwanza chuki haikuja. Alichokiona ni ule mguu. Sarrah hakumdhuru Lea. Sarrah hakumdhuru mtu. Akafunga stoo, akatoka barabarani, akapanda bajaji hadi Ngamiani.

Duka la barabara ya nane liliendeshwa sasa na Qusai, kaka yake Sarrah, na Sarrah alikuwa amefikia hapo kwa wiki ile. Devota alimkuta nyuma ya kaunta amevaa miwani, anasaidia kupanga ndala za plastiki kwa namba. Qusai alimletea mgeni kahawa na visheti, kisha akaenda kuangalia mzigo stoo. Sarrah aliendelea kupanga ndala.

"Ujumbe wako niliupata," Devota alisema. "Mara zote tatu."

"Najua."

"Sikujibu kwa sababu nilikuwa nakuonea wivu. Si mwaka huu. Tangu zamani."

Sarrah alivua miwani. "Tangu lini?"

"Tangu viatu."

"Viatu gani?"

Devota alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Mwanamke yule alikuwa amekaa kati ya maelfu ya viatu, anajaribu kwa nia njema kabisa kukumbuka jozi moja, na hakuweza. Devota ilibidi amsimulie: boksi, timu, maneno ya baba kumfukuza, vicheko. Sarrah alisikiliza, akasema labda, akasema siku zile alikuwa anabeba viatu kila mahali, alimpa pia mpishi wa chuo na mke wa mlinzi. Neno lile, lililosemwa bila nia mbaya, lilimchoma Devota kuliko boksi lenyewe. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba peke yake kitu ambacho mwenzake alikwisha kukitua siku ileile.

Angeweza kuondoka hapo. Badala yake alisema na la Lea, kwa sababu ndilo alilolijia. Alilisema lote, pamoja na zile mara tatu na ule mguu.

Uso wa Sarrah ulibadilika. Alikuwa amepokea habari za wivu kama mtu anayesikia juu ya homa ya jirani, lakini hili lilimpata.

"Kunionea wivu mimi ni juu yako," alisema polepole. "Sina la kukudai. Lakini yule mtoto alikuuliza ngapi, Devo. Alikuuliza wewe."

Devota alikirudisha kikombe cha kahawa kwenye kaunta.

"Na hela ya maabara usiitazamie. Imeshakwenda, na siirudishi. Wauguzi hawakunikosea kitu." Alikunja miwani. "Kesho nitakupeleka huko kwao. Nitaendesha gari tu. Kusema utasema mwenyewe."

Walipita Muheza na Korogwe, wakapandisha kona za Lushoto kabla ya saa sita. Sarrah aliendesha vizuri, mkono mmoja kwenye usukani, na Devota aliona aibu kujikuta, hata siku hiyo, hata ndani ya safari hiyo, ameutamani ule utulivu wa mkono. Mlalo waliwakuta Lea na baba yake shambani, wanapakia kabichi kwenye matenga. Sarrah alibaki kwenye gari. Devota aliteremka kati ya matuta, na viatu vyake vya mjini vikazama kwenye udongo mweusi.

Eliudi aliwaacha wasalimiane, akadhani mwalimu amekuja kumwomba binti arudi. Devota alisema akiwa amesimama, hakukubali kiti. Hakutaja viatu wala Sarrah. Alisema tu kwamba rekodi ya chuo ilikuwa yake, kwamba Lea aliivunja, na kwamba yeye alimdanganya kwa wivu.

Lea alikuwa ameshika kabichi. Aliiweka kwenye tenga, akaisogeza ikae vizuri.

"Ilikuwa ngapi hasa?"

"Nne ishirini na nane."

"Na ya pili?"

"Ishirini na nane pia."

"Na ile niliyokimbia mguu ukiniuma?"

"Ishirini na saba," alisema Devota.

Lea aligeuka akatazama mteremko. Hakulia. Baba yake ndiye aliyesema, na alisema bila kupaza sauti. Alisema mtu akimwibia kabichi anajua amwite nani, lakini hili la mwalimu hajui alipe jina gani, na ingekuwa heri mwalimu aondoke kabla yeye hajalipata. Devota alikuwa ameshapiga hatua kadhaa kurudi kwenye gari Lea alipomwita.

"Nitakimbia, Mwalimu," alisema. "Ila saa aishike mtu mwingine."

Ikawa hivyo. Mguu ulipumzishwa mwezi mzima, na mwezi wa kumi Lea alirudi chuo. Riadha haikurudi, mchanga wa maegesho ulimwagwa upande wa mashariki, na Devota alipewa vipindi vya darasani. Lakini jioni alikwenda upande uliobaki, bila malipo, na Lea na wengine wanne walikuja. Nehemia alishika saa. Hakuwahi kushika saa ya mbio maishani mwake, na siku za kwanza aliibonyeza kwa vidole viwili kama mtu anayebana kunguni, lakini alisoma namba kwa sauti na kila mtu akazisikia. Devota alikuwa amemweleza yote, na alikuwa ameandika barua kwa uongozi wa chuo. Alipewa onyo la maandishi. Ule mstari wa ukutani aliufuta mwenyewe, akamwachia Nehemia aandike mwingine.

Lea alizungumza naye yaliyohusu mbio tu. Alimwamkia, alifanya alichoambiwa, akaenda zake. Maharage hakula tena. Devota alilipokea hilo, maana hakuona njia ya kulikataa.

Desemba chama cha riadha cha mkoa kilimchagua Lea kuiwakilisha Tanga katika mashindano ya taifa, Dar es Salaam, lakini chama hakikuwa na nauli. Hapo Devota alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliomba. Alikaa na orodha ya Nehemia akawapigia wakimbiaji wa zamani mmoja mmoja, si wenye majina bali wale wa katikati, waliowahi kumaliza wa tano na wa sita, ambao hakuna aliyewahi kuwauliza chochote. Wengine hawakupokea. Wengine walimwambia hali ni ngumu, na ilikuwa kweli. Yona, mrusha mkuki wa zamani aliyekuwa na shamba Muheza, alisema fedha hana, akaleta magunia mawili ya machungwa, wakayauza. Mwalimu mmoja wa Kigombe alituma elfu tano na kuomba radhi. Ikatosha nauli ya kwenda. Sarrah hakutoa shilingi. Alisema tu watafikia kwake Upanga, na kurudi atawarudisha yeye.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali. Devota na Sarrah walikaa jukwaa la chini, karibu na kona. Sarrah alipayuka jina la Lea tangu mzunguko wa kwanza, akasimama, akapiga makofi, na Lea alipopita akamwinulia mkono. Usiku uliopita, mezani, Lea alicheka kwa hadithi fulani ya duka aliyoisimulia Sarrah, kicheko ambacho Devota hakukisikia tangu Julai, na roho ya kwa nini ikamwamkia palepale kati ya sahani. Sasa ilimwamkia tena. Alijua itakuwa naye labda mpaka anaingia kaburini. Alibana mikono katikati ya magoti akahesabu hatua za Lea.

Lea alimaliza wa nne, nyuma ya wanajeshi wawili na msichana mmoja wa Arusha. Nne ishirini na nne. Devota alishuka ngazi mbilimbili hadi kwenye uzio. Ofisa mmoja mwenye kofia na karatasi alikuja upande ule, akasema wa kwanza hadi wa sita wanaitwa kambi ya wiki tatu, akauliza mwalimu wa huyu binti wa Tanga ni nani.

Devota aligeuka kumtazama Sarrah, akiwa ameshajiandaa kwa jinsi atakavyoinuka, atakavyotabasamu, atakavyojibu kwa wepesi ule na watu wote wakamgeukia. Kiti kilikuwa kitupu. Sarrah alikuwa mbali kule juu karibu na lango, amewapa mgongo, anabishana na muuza maji juu ya chenji.

Ofisa aliuliza tena. Lea, akiwa bado anahema, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio na anasubiri kuona atakayejibu.

"Mimi," alisema Devota. "Devota Ntabaye." Akamtajia na herufi moja moja, kwa kuwa jina la Kiha watu wa Dar hulikosea.